Mshale wa Tusajigwe

Mtu yeyote aliyewahi kuhitaji barua ya maana pale Mbagala Zakhiem, basi anamfahamu mzee Gibson. Barua ya kuomba kazi, ya kuomba uhamisho, ya kikundi cha akina mama wanaotafuta turubai la msiba, zote anachapa yeye, kwenye kibanda chake cha steshenari kinachotazama barabara ya Kilwa. Kibanda chenyewe si kikubwa. Kuna kompyuta moja ya mezani, printa moja inayokohoa, kabati la karatasi na benchi la wateja. Miaka ishirini na mitatu yupo hapo. Ni Mnyakyusa wa Tukuyu, mrefu, shati limechomekewa hata siku ya joto la kufa mtu. Na mdomo, weee, mdomo! Ukimpelekea barua umeiandika hovyohovyo, anaisoma kwa sauti wateja wote wasikie, halafu anakuuliza kama ulisomea chini ya kitanda.

Mdomo huo ndio uliomfukuzia mtoto, nisikufiche.

Mtoto mwenyewe ni mmoja tu, Tusajigwe, wa kike. Mama yake alifariki Tusa akiwa kidato cha pili, na tangu hapo baba na binti wakawa wanaishi kwenye kile kibanda kuliko nyumbani. Tusa alifanyia kazi za shule kwenye benchi la wateja. Alijifunza kuchapa kabla hajajua kupika ugali ukaiva. Akasoma, akamaliza chuo, akapata ukarani kwenye shule moja ya sekondari, na kwenye mafunzo ya kazi akakutana na Fredrick, mwalimu, Mmakua wa Ndanda. Wakapendana. Fredrick, kwa adabu zake, akaleta posa.

Mshenga alifika Jumapili, mchana, kavaa koti. Barua ya posa aliileta imefungwa kwenye leso nyeupe, kama inavyotakiwa. Mzee Gibson akafungua leso, akatoa bahasha, akatoa barua. Ikawa karatasi ya daftari, yenye mistari, imechanwa katikati ya daftari na matundu ya pini yanaonekana. Imeandikwa kwa kalamu, herufi zimelala upande mmoja. Baba yake Fredrick, mzee wa miaka sabini na kitu, kaiandika mwenyewe.

Sasa fikiria. Mtu kaishi kwa kuchapa barua za posa za Mbagala nzima, zenye maua pembeni na karatasi nzito ya krimu, halafu ya binti yake mwenyewe inakuja kwenye karatasi ya daftari! Mzee Gibson akacheka. Akasema, "Hata karatasi ya maana imewashinda? Nendeni, halafu mje dukani, nitawachapia bure." Akairudisha barua kwenye leso, akafunga fundo, akamkabidhi mshenga.

Jamani, barua ya posa hairudishwi hivyo. Kuirudisha ni kusema hatuwataki. Mshenga alisimama, akashukuru kwa maji aliyopewa, akaondoka bila kugeuka. Tusa alikuwa nyuma ya pazia, kasikia yote.

"Baba," alisema, "yule mzee kaandika kwa mkono wake kwa heshima. Umemrudishia heshima yake."

Hapo ndipo angesema samahani, yakaisha. Lakini mzee Gibson na kiburi chake akajibu, "Heshima haina mistari ya daftari." Tusa hakubishana. Alikusanya nguo zake na laptopu yake, na baada ya wiki tatu alikuwa Mtwara. Ndoa ilifungwa Ndanda, na mjomba wa upande wa mama ndiye aliyesimama kama baba. Namba ya mzee Gibson Tusa akaifungia. Mzee akimpigia, hapatikani, asubuhi, mchana, jioni.

Na mabasi ya kusini yote yanapita mbele ya kibanda. Yameandikwa Mtwara, Masasi, Newala. Kila asubuhi mzee anayaona yakipita, anainamisha kichwa kwenye kibodi.

Miezi michache baadaye, wateja wa maombi ya ajira walipozidi, mzee Gibson aliweka intaneti ya kudumu dukani. Kabla ya hapo alikuwa anaunganisha bando la simu mara mojamoja tu. Haikupita wiki, asubuhi moja akawasha kompyuta, akakuta kioo kimebadilika. Toka ainunue kilikuwa bluu tupu, yeye hahangaikagi na mapambo. Leo kuna picha ya mikorosho imezaa, mabibo mekundu yanang'aa.

Akamwita Brightson, fundi wake kutoka Vingunguti, mtu mzima mwenye kitambi na begi la bisibisi. Brightson akakaa, akabonyeza hapa na pale, akaanza kucheka.

"Mzee, ulipomfungulia Tusa laptopu yake, siku anaenda chuo, uliweka akaunti ya nani?"

"Yangu. Ningeweka ya nani?"

"Basi ndiyo hiyo. Mashine mbili, akaunti moja. Sasa intaneti ipo muda wote, mipangilio inasawazishwa. Yeye akibadili picha kule, na wewe huku inakujia. Wewe ukibadili huku, inamfikia. Ishu ndogo tu hii, nikuzimie?"

Mzee Gibson alimshika mkono. "Usiguse!"

"Lakini mzee, wateja wataona mikorosho..."

"Nimesema usiguse, Brightson."

Hiyo picha kaipiga Tusa. Ametoka nje, kasimama mahali, kaona mikorosho, kaipenda. Yuko mzima. Mzee Gibson alikaa akiitazama mpaka mteja wa kwanza alipogonga meza.

Hivyo ndivyo alivyoanza kuishi na binti yake kwa upande mmoja. Tusa hakujua. Angejuaje, wakati baba yake hajawahi kubadili kitu kwenye mashine? Mikorosho ikakaa miezi miwili. Ikaja picha ya paka kalala juu ya madaftari ya kusahihisha. Ikaja mlango wa kijani, umetoka kupakwa rangi, na kwenye kizingiti ndoo na brashi, na mkono wa mtu unaonekana nusu, mkono wenye saa ambayo mzee Gibson aliinunua mwenyewe Kariakoo siku Tusa alipofaulu. Ile ya mlango ilikaa karibu nusu mwaka. Wateja wakawa wanamtania, "Mzee, umehamia wapi siku hizi?" Anawajibu wakae kwenye benchi, wasimpigie kelele.

Hata orodha ya waifai ilimletea habari. Mashine ilikuwa inakumbuka majina ya mitandao aliyojiunga Tusa: ya ofisi ya shule aliyohamia, ya nyumba moja ya wageni Lindi, ya hospitali. Ile ya hospitali ilimkosesha raha siku nne, mpaka picha ilipobadilika ikaja ya keki, ndipo akapumua. Ni uchunguzi, ndiyo. Alijua ni uchunguzi, na alijionea aibu, na kila asubuhi aliwasha mashine kabla hata hajafagia. Mwamvita, jirani yake wa kibanda cha kutoa na kutuma pesa, alimuuliza siku moja, "Baba Tusa, mbona unaiamkia hiyo kompyuta kama mkweo?" 

Alimkumbuka mno, jamani. Kuna siku aliinua mkono akagusa kioo pale kwenye saa, halafu akakifuta haraka kwa leso, mteja asione alama za vidole.

Mwaka wa pili, mwezi wa kwanza, mshale ulikua.

Unaujua ule mshale wa kwenye kioo, unaousogeza kwa mausi. Mzee Gibson aliwasha mashine, akaukuta umenenepa kidogo. Akadhani macho yake. Mwezi wa tatu ukawa mkubwa zaidi, na mweusi tii badala ya mweupe. Mwezi wa tano ulikuwa mkubwa kama kidole gumba. Wateja wakacheka, lakini mzee Gibson hakucheka. Kwa sababu ule mshale aliujua. Hata yeye aliukuza hivyohivyo, hatua kwa hatua, miaka tisa iliyopita, alipokuwa anaupoteza kila ukisogea pembeni ya kioo. Alidhani mausi mbovu, akanunua nyingine. Kumbe ni macho. Daktari alimwambia ana presha ya macho, inaanza kula pembeni pole pole, haiumi, na ikishakula hairudishi.

Hilo hakumwambia mtu. Mchapaji anayepofuka, nani atampelekea barua? Aliurudisha mshale kwenye udogo wake, akawa anautafuta kwa mazoea. Matone ya dawa, kichupa chenye kifuniko cha njano, anayaficha kwenye kopo la majani ya chai, anaweka asubuhi na jioni akiwa peke yake. Tusa aliishi naye karibu miaka saba ya hiyo, akibadilisha miwani kila mwaka, hakujua. Na bibi yake Tusa, mama yake Gibson, alipofuka kabisa kule Tukuyu kabla ya kufikisha miaka sitini. Ukoo ulisema kalogwa, wakagombana na majirani mpaka leo. Kumbe ilikuwa ni hiyohiyo. Daktari alisema wazi: watoto wako wapimwe. Mtu kaambiwa hivyo, kanyamaza miaka tisa! 

Siku ileile alipouona mshale umefika kidole gumba, alimfuata Mwamvita. "Naomba umpigie Tusa kwa simu yako. Mwambie akapime macho."

"Kwa nini?"

"Wewe mwambie tu."

Mwamvita akapiga, akaweka sauti kubwa. Tusa akapokea vizuri, wakasalimiana, wakaulizana habari za nyumbani. Mwamvita akasema, "Baba yako anasema ukapime macho."

Sauti ya Tusa ikabadilika. "Kwani baba siku hizi kawa daktari? Kajuaje macho yangu? Nani anampelekea habari zangu, dada Mwamvita?"

Mwamvita akamtazama mzee Gibson. Mzee Gibson akageukia kando, kwa sababu mbele ya kibanda walikuwepo watu wanne wanasubiri huduma, na wote wanamjua. Tusa akasema, "Mwambie asijisumbue. Macho yangu hayajambo." Akakata.

Mzee Gibson alirudi kwenye kiti chake. Ndipo alipoelewa kwamba hawezi kumwambia jambo moja bila kumwambia yote. Akitaka aaminike, lazima aseme kajuaje, na lazima aseme anaogopa nini. Na akishasema kajuaje, Tusa atazima. Si atazima tu? Angekuwa yeye angezima. Hakutakuwa na mikorosho, wala paka, wala mkono wenye saa. Kitabaki kioo cha bluu mpaka mwisho wa maisha yake.

Siku mbili alikaa na jambo hilo. Nisimpambe. Siku mbili nzima alijiambia labda si macho, labda Tusa kapenda tu mshale mkubwa. Siku ya tatu akawasha mashine, akakuta na maandishi nayo yamekuzwa, na kioo kimewekwa weusi na weupe mkali, kile kinachowekwa na mtu ambaye vitu vimeanza kumpotea. Picha ya mlango wa kijani Tusa alikuwa ameshairudisha, lakini sasa mtu angeuona kwa shida katikati ya ule ukali.

Akafunga mlango wa kibanda nusu. Akakaa mbele ya kibodi kuchapa. Akachapa "Tusajigwe mwanangu," akaangalia, akafuta. Akachapa tena kwa herufi nzuri zaidi, akafuta. Ilifanana na barua za wateja, ilifanana na barua za wenyeviti wa mitaa. Basi akavuta daftari la mauzo, akachana karatasi katikati, ile yenye mistari na matundu ya pini, akachukua kalamu nene. Akaandika kwa mkono wake, herufi kubwa zimelala upande:

"Tusa mwanangu. Ni baba. Laptopu yako na mashine ya dukani zina akaunti moja, picha zako zinanijia. Mwaka wa pili huu nakuona, nisamehe. Nimeuona mshale wako. Hata wangu ulikua hivyo. Nina presha ya macho mwaka wa tisa huu. Bibi yako hakulogwa, alikuwa nayo hiyohiyo. Nilikuficha kwa kiburi. Nenda kapime kesho, usingoje iume, haiumi. Ukishasoma zima."

Akaipiga picha kwa simu, akaihamishia kwenye mashine, akaiweka kwenye kioo. Ilikuwa mara ya kwanza maishani kubadili picha ya kioo chake. Aliijua hatari yake. Itamfungukia Tusa ofisini, pengine mbele ya walimu wa shule, na mambo ya ukoo yakasomwa na watu. Akabonyeza hivyohivyo, akakaa akisubiri huku mikono imelala mapajani.

Siku hiyo hakikutokea kitu. Siku ya pili pia hakikutokea kitu. Wateja waliingia wakaisoma ile barua kwenye kioo, kwa sababu hakuthubutu kuitoa. Mzee mzima, habari zake za siri zimebandikwa hadharani, na yeye kakaa chini yake anauliza, "Nikuchapie nakala ngapi?" Mwamvita alikuja kuazima stepla, akasoma hadi mwisho, akaondoka na stepla. Baadaye akamletea chai.

Siku ya nne asubuhi akawasha, na kioo kilikuwa kimebadilika.

Ilikuwa picha ya karatasi ya daftari, imelazwa juu ya meza. Juu ya karatasi kuna kichupa cha dawa chenye kifuniko cha njano. Mzee Gibson alikitazama kile kifuniko kabla ya kusoma chochote, akaanza kulia. Herufi zilikuwa za Tusa, zilezile za kwenye benchi la wateja:

"Nimepima. Yameanza, yote mawili. Daktari anasema nimewahi, nikitumia dawa nitabaki na macho yangu. Kaniuliza nani kwenye ukoo anaumwa hivi, nikamwambia baba. Ulikuwa unaniona nabadilisha miwani kila mwaka, baba. Mbona hukuniambia? Kuhusu hii akaunti, leo natoka. Sipendi kuchunguliwa. Anayenitaka, mlango upo."

Akasoma mara tatu. Akampigia Brightson, na Brightson akaja kabla ya saa nne, akaangalia.

"Kweli mzee. Laptopu yake imeshatoka. Sasa ni mashine yako peke yako. Hiyo picha itabaki, lakini nyingine haitakuja."

"Hata waifai?"

"Hata waifai, mzee. Pole."

"Na huu mshale?"

"Huo umebaki ulivyokuwa. Niurudishe mdogo?"

"Uache," alisema mzee Gibson. "Ni saizi yangu."

Brightson akaondoka. Lile swali lilikuwa pale kwenye kioo, mbona hukuniambia, na hapakuwa na pa kulijibia. Angeandika karatasi nyingine, angeweka, ingeonwa na yeye mwenyewe na wateja wake tu. Nje basi la Masasi lilipita, likapiga honi kwenye kituo. Miaka miwili yanapita. Safari ya siku moja tu, unaondoka asubuhi, jioni umefika. Hakuna aliyemzuia, jamani, zaidi ya yeye mwenyewe.

Akatafuta kwenye mashine ile picha ya mlango wa kijani. Ilikuwepo, mashine ilikuwa imeitunza. Akaichapa kwa rangi, printa ikakohoa ikaitoa. Kisha akachana karatasi nyingine ya daftari, akaandika kwa kalamu barua ya pili, hii kwa baba yake Fredrick kule Ndanda, ya kuomba radhi. Ilimchukua mpaka adhuhuri, maana mkono wake haujazoea. Akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwenye leso yake nyeupe, akapiga fundo.

Kesho yake asubuhi alimpa Mwamvita ufunguo wa kibanda.

"Unarudi lini, baba Tusa?"

"Sijui, mama."

"Na wateja wako?"

"Waambie waandike kwa mkono."

Kwenye basi alikaa upande wa dirisha, kopo la majani ya chai mapajani, na ndani yake matone. Konda alipopita kukagua tiketi alimwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia marahaba. Konda akauliza anashukia wapi, Mtwara mjini au mbele. Mzee Gibson akaitoa ile karatasi yenye mlango wa kijani, akaikunjua, akamwonyesha.

"Ninashukia hapa," alisema. "Mtaa siujui, nitauliza. Ni kwa mwanangu."

Konda akaitazama. "Anakutarajia lakini?"

Mzee Gibson akaikunja karatasi taratibu, akairudisha mfukoni pamoja na leso.

"Sijui," alisema. "Nitabisha hodi."